Mkaratusi Haupigiwi Honi

Mkazi wa Ngara hahitaji kufundishwa kusafiri. Kati ya mzunguko wa Globe na Pangani amekwisha kusoma yote: kwamba nauli hupanda tone la kwanza la mvua likianguka, kwamba gari halijai, abiria ndio hawataki kusogeleana, kwamba mkokoteni wa viazi ukiziba barabara huondolewa kwa honi, kwa matusi, au kwa matatu kupandisha tairi mbili kwenye kijia cha waendao kwa miguu, mbele ya akina mama wanaouza viatu vya mitumba. Kwake yeye kila kizuizi kina mwenyewe, na mwenyewe ana bei. Ni elimu nzuri na imetufikisha kazini miaka mingi.

Shida huanza siku shemeji aliyefanikiwa anapopiga simu. Jumamosi kuna shughuli nyumbani, anasema, usijitese na basi la usiku, tumekodi ndege ndogo na mheshimiwa wetu, imebaki nafasi moja. Mwongozo huu ni wako wewe uliyekubali kabla hajamaliza kusema.

Njia ya kwenda ni rahisi. Vuka Mto Nairobi kwa miguu hadi mjini kama kawaida, panda gari la Rongai pale Railways, shuka Wilson kwenye Barabara ya Lang'ata. Ile elimu ya Ngara iache kitini iendelee na gari, Rongai wataihitaji. Uwanja wenyewe umepewa jina la Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, na miaka nenda miaka rudi ndege ndogo zimeondoka hapo na watalii wa Mara, madaktari wa Turkana, miraa ya Somalia, na waheshimiwa wanaokwenda kuwaona watu wao. Watalii, madaktari na miraa huja na ratiba. Wewe umeingia katika kundi la nne.

Utapimwa. Si begi tu, hata wewe mwenyewe. Ndege za watalii humruhusu abiria kilo 15 kwenye begi laini, na ndege ya kukodi yenye viti sita haina huruma zaidi. Usijaribu ile hila ya kushika mzigo mkononi ili mizani isiuone, maana ndege itaubeba mkono pia. Ukiulizwa kilo zako, taja za leo, ukiwa na viatu. Wanaume wa umri fulani hutaja kilo za mwaka waliooa. Rubani mzoefu husikiliza kwa adabu, hukitupia kitambi jicho moja, kisha huandika tarakimu yake.

Huyo rubani huenda ni kijana wa miaka 25, au msichana mwenye umri huo, kwa sababu ndege ndogo ndiko marubani wanakokusanyia saa za kuruka kabla ya kuajiriwa na mashirika makubwa. Mwite kapteni. Hata kama analingana na kitinda mimba wako, mwite kapteni, tena kwa sauti ambayo mheshimiwa ataisikia. Hii si heshima ya bure. Jioni, huyo kijana atahitaji kumwambia mzee wa miaka 60 mwenye walinzi kwamba jambo fulani haliwezekani, na itamfaa sana akiwa ameitwa kapteni tangu asubuhi badala ya "kijana wetu". Na ukikalishwa kando yake mbele, fahamu kwamba usukani ulio mapajani mwako ni usukani wa kweli. Si mahali pa kutundika mkoba.

Safari ya kwenda haina mambo mengi. Asubuhi ni baridi, barabara ya kurukia ni ya lami, mafuta yamepimwa na hakuna mtu amekula bado. Usije ukadhani lami ni kinga, hata hivyo. Tarehe 11 Oktoba 2019, ndege aina ya Fokker 50 iliyokuwa ikielekea Lamu kupitia Mombasa ilishindwa kupaa hapo hapo Wilson, ikapitiliza mwisho wa barabara na kwenda kusimama miongoni mwa miti. Mjini Nairobi, huku wanaokunywa chai Lang'ata wakitazama. Lakini hilo tuliache, wewe hutaki habari za Wilson, unataka kufika.

Umefika. Sasa hatari ya kweli inakaribia, nayo haiko kiwanjani. Iko chini ya hema, imeshika kipaza sauti.

Ratiba ilisema mtaondoka saa saba mchana. Saa saba mchana ndiyo kwanza mshereheshaji anamkaribisha chifu, naye chifu anawatambua manaibu wake mmoja mmoja. Baada yao kuna askofu, diwani wa wadi, diwani wa wadi jirani ambaye hakualikwa, na mwenyekiti wa shule "kwa dakika mbili tu". Saa nane chakula kinaanza kupakuliwa. Saa tisa kwaya inaomba iongezwe wimbo. Mheshimiwa anasimama saa tisa na nusu, na kwa kuwa ni mkarimu anaanza na historia. Wakati huo wote jua linapika kile kiwanja cha murram au nyasi ambako ndege imeegeshwa, na upande wa ziwa, kama mko magharibi mwa Kenya, mawingu ya mchana yanajipanga kama yafanyavyo karibu kila siku. Kiwanja hakina taa. Giza likiingia hakuna kuruka, kwa hiyo hotuba ikiisha watu wote wanageuka kuwa na haraka kwa pamoja.

Halafu zawadi. Mgeni haondoki mikono mitupu, hilo tunalijua na tunalipenda. Mkungu wa ndizi, kuku watatu, debe la njugu, na mbuzi ambaye mzee wa boma amemkabidhi mheshimiwa hadharani, kwa hiyo hawezi kukataliwa. Kisha anatokea binamu mwenye miadi Hospitali ya Kenyatta siku ya Jumatatu, yeye "ataketi popote". Asubuhi mlikuja na mikoba na tumbo tupu. Jioni mnaondoka na soko, na mbuzi amefungwa miguu yote minne akasukumwa nyuma kabisa, kwenye mkia, mahali ambapo kilo 30 hufanya kazi mbaya kuliko kilo 30 za katikati: mkia ukilemewa, pua ya ndege hutaka kuinuka yenyewe, na rubani huwa na kazi ya kuishusha kabla hata hajaanza kazi ya kuiinua.

Huku ndiko ajali za miti na nyaya zinakoanzia. Magazeti huandika kwamba ndege iligonga mti, na ni kweli iligonga, lakini mti ni shahidi wa mwisho tu katika kesi iliyoanza kwenye hema.

Tarehe 24 Januari 2003, serikali ya NARC ikiwa na wiki chache tu madarakani, mawaziri kadhaa walikuwa wakirejea Nairobi kutoka Busia, walikokwenda kusherehekea ushindi nyumbani kwa mwenzao Moody Awori. Ndege yao ilikuwa Gulfstream I, yenye injini mbili za pangaboi, ambayo ikijazwa hukaribia tani 16. Si kindege cha kuchezea. Ilipopaa kutoka kiwanja cha Busia iligonga nyaya za umeme, ikaangukia nyumba. Ahmed Mohamed Khalif, Waziri wa Leba na mbunge wa Wajir Magharibi, alikufa pamoja na marubani wote wawili. Raphael Tuju na Linah Jebii Kilimo walikuwa miongoni mwa waliojeruhiwa. Ukiuliza nyaya zilifuata nini karibu na kiwanja, umeuliza swali la haki. Lakini nyaya hizo hazikuzuka jioni. Zilikuwapo ndege ilipotua, na zilikuwapo ilipogeuzwa kuondoka.

Mwaka mmoja baadaye, Februari 2004, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, matatu ziliamriwa zibebe abiria 14 wenye mikanda, na sisi wa Ngara tukatembea kwa miguu siku kadhaa wakati wenye magari wakinuna. Tulidhani ndiyo mara ya kwanza nchi hii kuwa na sheria ya kujaza. Angani sheria hiyo ilikuwapo kabla ya Michuki na kabla ya Kenya, na haina askari wa kusalimiwa kwa mkono wenye noti.

Hebu tuitazame, maana hapa ndipo abiria wengi husema "lakini asubuhi ilipaa bila shida." Kitabu cha ndege huandika umbali unaohitajika ili kupaa na kufikia urefu wa futi 50, yaani mita 15. Umbali wa msingi ni ule wa usawa wa bahari, kwenye lami, siku isiyo na joto jingi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza iliwapa marubani wa ndege ndogo kanuni za kukisia, na ni nzuri kwa sababu hata mtu wa hesabu za nauli anazielewa. Kila futi 1,000 za mwinuko wa kiwanja, ongeza asilimia 10. Kila nyuzi 10 za joto la ziada, asilimia 10 nyingine. Nyasi kavu asilimia 20, nyasi zilizolowa 30. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, umbali unazidi kwa 20. Na hizi hazijumlishwi, zinazidishwa, moja juu ya nyingine.

Chukua ndege ambayo kitabu chake kinasema mita 500. Ipeleke kiwanja cha futi 5,000, ambacho bado kiko chini kuliko Ngara yako. Mita 500 zimekuwa 805. Mchana wenye nyuzijoto 25 uko nyuzi 20 juu ya kiwango cha kitabu kwa mwinuko huo: 974. Mvua ya jana imelowesha nyasi: 1,266. Sasa ongeza soko lile la ndizi, kuku na binamu, tuseme asilimia 10 ya uzito: zaidi ya mita 1,500. Umbali umeongezeka mara tatu, na bado hatujataja upepo wa nyuma wala kiwanja kinachopanda mlima. Kanuni zenyewe zinashauri kwamba ukishapata jibu lako, ulizidishe tena kwa 1.33 kwa ajili ya binadamu. Hiyo ni mita 2,000 na ushee. Kiwanja cha kijijini chenye mita 2,000 huitwa uwanja wa kimataifa na hufunguliwa na Rais.

Sababu ni hewa. Joto na mwinuko huifanya hewa kuwa nyepesi, na injini, pangaboi na mabawa vyote vitatu hula hewa hiyo hiyo. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Siku ya nyuzijoto 25, ndege hujisikia kana kwamba iko mita 2,400 hivi. Wewe unavua koti na kusema leo kuna jua zuri. Ndege imepandishwa mlima ikiwa imeegeshwa.

Kwa hiyo hotuba zinapoendelea, toka chini ya hema, jifanye unapokea simu, ukatembee kiwanja chote. Hii ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote ambazo abiria anaweza kufanya. Marubani wazuri hukitembea wenyewe, wakihesabu hatua, wakipiga udongo kwa kisigino kuona kama ni ule mweusi unaoshika tairi. Angalia ule mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti kuonyesha upepo. Ukikuta umeibiwa, na huibiwa, chukua vumbi kidogo urushe. Kisha tazama ndege imeegeshwa mwisho upi. Nitakwambia: imeegeshwa penye hema na magari ya serikali, ili mheshimiwa asichafue viatu. Ikiwa upepo unatoka huko, basi kwa akili na kwa usalama ndege inapaswa kusafiri hadi mwisho wa mbali, igeuke na kuja ikiukabili. Atatokea mtu wa itifaki aseme hiyo ni kupoteza muda. Mtu wa itifaki atabaki na gari lake.

Sasa inua macho utazame mwisho wa kiwanja. Kuna mikaratusi. Daima kuna mikaratusi, kwa sababu mkaratusi hulipa, na mwenye shamba la jirani hana kosa kupanda mti wa pesa kwenye ardhi yake. Alipoupanda ulikuwa wa kufika gotini na kiwanja kilikuwa salama. Mwaka wa nane unafaa kwa nguzo. Ukiachwa hupita mita 30, na kumbuka kwamba kitabu cha ndege kiliahidi mita 15. Hakuna aliyebadilisha kitabu kadiri mti ulivyokua. Sheria ya Usafiri wa Anga ya mwaka 2013 inaipa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, KCAA, uwezo juu ya majengo na vizuizi karibu na viwanja, na mjini sheria hiyo hutajwa mara kwa mara ghorofa zinapoanza kuchungulia njia za ndege. Kijijini, mti hauombi kibali cha kurefuka.

Wala usifikiri kuukata kumemaliza shida. Mkaratusi ukikatwa hupelekwa kiwandani, hutiwa dawa, na hurudi kijiji kile kile ukiwa nguzo ya stima. Mwaka 2015 serikali ilizindua mradi wa Last Mile, ada ya kuunganishiwa umeme ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyanya zetu wakapata taa. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini ramani aliyo nayo rubani kichwani, ya kiwanja alichokizoea zamani, haina nyumba ya nyanya yenye taa. Na waya ni adui wa pekee: rubani hauoni. Mbele ya vichaka au mawingu ya mvua hupotea kabisa. Anachokiona ni nguzo, mbili tatu, halafu anauwazia waya katikati yake. Kampuni za umeme zenye ustaarabu hutundika mipira mikubwa ya rangi ya chungwa kwenye nyaya zilizo karibu na viwanja. Ukiiona, mshukuru aliyeitundika. Usipoiona, hesabu nguzo, umwambie kapteni idadi na upande. Hatakudharau.

Aliyelipia somo la waya kwa bei kubwa ni Ernest Hemingway. Januari 1954 aliondoka Nairobi na mkewe Mary katika ndege ndogo ya Cessna iliyorushwa na Roy Marsh, wakaenda kutazama maporomoko ya Murchison, Uganda. Tarehe 23 rubani alishuka chini kukwepa kundi la ndege wa porini, akagonga waya wa telegrafu uliokuwa umeachwa pale bila kazi. Wakaanguka vichakani, wakalala porini, wakaokotwa na mashua kesho yake na kufikishwa Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Mtu mwenye akili za Ngara angepanda gari hapo. Wao walipanda ndege nyingine, de Havilland Rapide yenye mabawa mawili mawili, iliyokuja kuwasaidia. Kiwanja cha Butiaba kilikuwa matuta matupu. Ndege ilirukaruka, ikainuka, ikarudi chini, ikawaka moto. Mary na Marsh walitokea dirishani. Hemingway, ambaye dirisha halikumtosha, alifungua mlango uliokwama kwa kuupiga kwa kichwa. Ilikuwa tarehe 24 Januari, siku ile ile ya Busia, miaka 49 kabla. Magazeti ya dunia yalikwisha kutangaza kifo chake, naye alipata nafasi ya kuyasoma akiwa na kichwa kilichopasuka. Mwaka huo huo alipewa Nobeli, hakwenda Stockholm kuichukua.

Kuhusu wanyama nitasema machache, maana watalii wameyasimulia vya kutosha. Mara na Samburu gari la kambi hutangulia kiwanjani kufukuza nyumbu na swala. Kijijini kwetu kazi hiyo ni ya vijana wenye fimbo, na vijana hao hao ndio watakaoikimbilia ndege wakiipungia. Mbuzi huvuka mmoja baada ya mwingine, wa mwisho akiwa mbali na wenzake, kwa hiyo usiseme wamekwisha hadi uhesabu. Tumbusi ni jambo jingine. Michael Grzimek, Mjerumani aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake kwa ndege aina ya Dornier iliyopakwa mistari ya pundamilia, aligongana na tumbusi mmoja tarehe 10 Januari 1959. Alikuwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Karibu na kijiji tumbusi hufuata jalala na machinjio, kwa hiyo ukiona kamati ya sherehe imechinja ng'ombe mwishoni mwa kiwanja kwa sababu "kuna nafasi", sema neno.

Hotuba zimekwisha, mmefunga mikanda, injini inanguruma. Kuna jambo moja unaloweza kulifuatilia ukiwa kitini, nalo marubani wa viwanja vifupi hulishika sana. Chagua alama iliyo katikati ya kiwanja, kichuguu au jiwe lililopakwa chokaa. Ndege ikifika hapo inapaswa kuwa imepata asilimia 70 ya mwendo wa kupaa. Kama haijapata, mwenye akili hukata moto na kushika breki, kwa sababu nusu iliyobaki haitampa kile ambacho nusu ya kwanza ilimnyima. Kapteni akifanya hivyo, mtatikiswa, kuku watalia, mheshimiwa atagonga paji la uso. Piga makofi. Abiria wetu hupiga makofi ndege ikitua tu, na sielewi kwa nini, kwani kushindwa kupaa kwa hiari ni ufundi mkubwa zaidi.

Asipokata, angalia kitakachofuata, kwani ni udanganyifu mtamu. Ndege itainuka. Utaliona vumbi likibaki chini, utasema asante Mungu. Lakini karibu na ardhi, kwa kimo kisichofikia urefu wa mabawa yenyewe, hewa iliyobanwa kati ya bawa na ardhi huisaidia ndege kuelea hata ikiwa na mwendo mdogo kuliko inavyostahili. Inaelea, haipandi. Ikitoka katika msaada huo wa ardhi inarudi kuuomba. Mikaratusi inakua dirishani. Mkono wa binadamu yeyote, wangu na wako, hutaka kuvuta usukani ili pua iinuke, na pua ikiinuka bila mwendo, mabawa huacha kubeba na ndege huanguka kabla ya kuufikia huo mti. Ndiyo maana rubani mwema, mbele ya ukuta wa miti, huonekana anafanya kichaa: anaishusha pua kidogo apate mwendo kwanza. Wakati huo usipige kelele. Wala usimguse bega kumwonyesha mti. Ameuona.

Na mkishapita salama, msimwombe azunguke juu ya boma ili mpungie wazee mkono. Denys Finch Hatton, yule Mwingereza ambaye sinema ya mwaka 1985 ilimfanya mchumba wa dunia nzima, alipaa kutoka Voi tarehe 14 Mei 1931, akazunguka juu ya mji, akaanguka, ndege ikawaka. Kaburi lake liko milima ya Ngong na watalii hulitafuta. Pamoja naye alikufa Kamau, mtumishi wake, ambaye sinema haikumpa hata kiti. Ndege nzito, mwendo mdogo, ikiinamia upande mmoja karibu na ardhi: kwa wazee waliobaki bomani, mkono wa simu unatosha.

Imebaki hali moja. Kabla ya yote haya, kapteni anaweza kusimama kando ya ndege na karatasi yake, apige hesabu mara mbili, kisha aseme, "Mheshimiwa, uzito umezidi, kuna atakayebaki." Patakuwa na kimya. Mtu wa itifaki atasema asubuhi mlikuwa sawa. Shemeji atasema mbona rubani wa mara iliyopita alibeba zaidi ya hawa. Kwa desturi za nchi yetu anayeshuka si mzito kuliko wote bali mdogo kwa cheo, yaani wewe, kwa kuwa binamu ana miadi ya hospitali na mbuzi alitolewa hadharani. Shuka haraka, usibishane na mizani ya watu: wewe una kilo 92, mbuzi ana 30. Ila dai nauli ya basi la usiku kabla mlango haujafungwa, kwa sababu shemeji akishapaa hapatikani.